Mlango wa Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo na gundi imegoma leo. Daftari hili nililinunua kwa ajili ya vipimo vya wateja, lakini naona nisipopata mahali pa kusemea nitamrushia mtu mkasi.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za walinzi na za wanafunzi, na nikimaliza kushona naunda manowari. Manowari ndogo, za mbao na bati, za kuweka mezani. Nimekwisha kuunda sita. Hii ya saba imeagizwa na jumba la makumbusho kwa ajili ya ukumbi wao mpya wa jeshi la majini, unaofunguliwa tarehe 31 Mei, na ndiyo chombo alichokitumikia baba yangu. Mabaharia walikiita Mama Mkwe, kwa kuwa kilikuwa na kelele na hakuna aliyethubutu kukisema vibaya kikiwa karibu. Kilikuwa na mita thelathini na saba. Kwa kipimo changu cha moja kwa hamsini, ni sentimita sabini na nne na mbavu ishirini na mbili.

Leo nimebandika mbavu nne. Tatu zimebanduka.

Alhamisi, 6 Machi

Mbili zimebanduka tena. Unyevu.

Jumapili, 9 Machi

Baba amekaa nasi tangu mama afariki. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili na amekataa kupasuliwa. Anasema aliyotaka kuyaona ameshayaona. Leo amevuta kiti mpaka mezani pangu akapapasa ubavu mmoja mmoja kwa kidole gumba, kuanzia omo, yaani mbele, mpaka tezi, nyuma. Wa kumi na tatu akasema umepinda. Nikaupima. Umepinda kweli, milimita moja.

Halafu akasema, "Ukifika kwenye paa la chumba cha injini, upande wa kushoto usiweke mlango."

"Baba, mchoro una milango miwili. Kulia na kushoto."

"Mchoro ni wa siku aliyozaliwa. Mimi nakwambia alivyokufa."

Hapa lazima nieleze, hata kama daftari halijaniuliza. Miaka arobaini na moja iliyopita moto ulizuka ndani ya chumba cha injini cha Mama Mkwe, upande wa kulia. Ndani walikuwamo mafundi vijana wawili. Baba, msimamizi wao, alikuwa juu sitahani. Vijana wale hawakutoka. Tume ya uchunguzi ikasema mlango wa dharura wa kushoto ulikuwa mzima, kuufungua kutoka juu ilikuwa kazi ya baba, na baba alibabaika asiufungue. Akaachishwa kazi. Yeye alisema na bado anasema kwamba mlango ule ulikuwa umezibwa kwa bamba la chuma lililochomelewa kwenye matengenezo, miezi mitatu kabla, na waliouziba hawakuandika popote. Chombo chenyewe kilizama kesho yake kikivutwa bandarini, kwa hiyo hakuna aliyekwenda kuangalia. Wenzake walipoulizwa, kila mmoja akawa hakumbuki.

Nyumbani kwetu jambo hili halikuzungumzwa. Lilikaa tu pale kama kabati kubwa, tukawa tunalizunguka.

Sasa mimi nina sheria moja katika kazi hii: siweki hata msumari nisioweza kuuthibitisha. Neno la baba si uthibitisho. Nikiuweka mlango wa kushoto, nimemhukumu baba kwa mikono yangu, tena ndani ya kabati la kioo lenye taa. Nisipouweka bila ushahidi, mimi ni mwongo. Mkurugenzi wa makumbusho hajui mimi ni binti wa nani, nami sijamwambia. Ninataka ushahidi. Ninautaka kuliko ninavyotaka gundi ikauke.

Jumatano, 12 Machi

Nimekwenda chumba cha nyaraka za jeshi la majini. Mtunzaji wake ni mwanamke wa rika langu mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani, na sijamwona akibadilisha. Namwita Miwani.

"Faili la uchunguzi wa moto limefungwa," akaniambia.

"Limefungwa na kamba, au limefungwa na mtu?"

"Limefungwa, dada."

Hata hakuinua uso. Nimerudi nimelowa mpaka kwenye mkoba.

Jumamosi, 15 Machi

Mume wangu amechukua kibano changu, kile chembamba cha kushikia nguzo za ukingo, akang'olea nywele za pua. Nimemwambia kile ni chombo cha kazi. Akanijibu kwamba hata yeye alikuwa kazini.

Jumatano, 19 Machi

Ubao wa upande wa kulia umevimba kwa unyevu ukapinda kama kipande cha mkate mkavu. Siku tisa za kazi. Nimeuvunja kwa goti.

Ijumaa, 28 Machi

Miwani tena. Mara ya nne. "Njoo wiki ijayo, dada." Wiki ijayo yake haina Jumatatu. Watu wa namna hii hulipwa mshahara wakalie karatasi zisitoroke.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimegombana na baba. Sitaha imekaa, paa la chumba cha injini limekaa, na nimeacha mashimo mawili ya milango, kulia na kushoto, yakisubiri. Amepapasa akayakuta yote mawili.

"Hili la nini?"

"Linasubiri, baba. Nikipata karatasi nitaliziba."

"Karatasi! Mimi nilikuwepo."

"Najua ulikuwepo. Lakini ukumbi ule watakuja watu wanaojua mambo. Watauliza nimetoa wapi."

"Waambie umetoa kwa baba yako."

Nikanyamaza. Naye akajua nimenyamaza kwa nini, maana masikio yake hayana mtoto wa jicho. Akasema mwenda tezi na omo marejeo ngamani, akaenda kusikiliza redio. Sikumuuliza ni nani kati yetu atakayerejea ngamani.

Ijumaa, 11 Aprili

Miwani amenipigia simu mwenyewe. "Dada, njoo kabla ya saa nane." Sauti ya chini, kama mtu anayeuza kitu cha wizi. Nimefunga duka nikiwa na suruali ya mteja begani.

Faili limefunguliwa. Lina harufu ya nguo iliyoanikwa kivulini. Kurasa nyingi nilizisoma nikijua zitakavyosema. Halafu, ndani ya bahasha, picha moja, na nyuma yake mhuri wa tume: kielelezo cha tatu. Tarehe yake ni mwezi mmoja kabla ya moto, yaani baada ya matengenezo. Miwani akaniruhusu kuipiga kwa simu, akatazama dirishani wakati naipiga.

Nimeichapisha kwa ukubwa wa gazeti na sasa iko mbele yangu. Mpiga picha alisimama tezini akitazama omo. Katikati kuna paa la chumba cha injini, bomba la moshi na mlingoti. Mabaharia watano wamekaa juu ya paa wakicheka. Kushoto kwa picha kuna mlango, uko wazi, na mmoja wao ametumbukiza mguu ndani yake. Kulia hakuna mlango. Kuna bamba bapa, mstari wa kuchomelea ukiwa mpya kabisa, na juu ya bamba kuna sanduku la kamba.

Nimeitazama kwa lenzi mpaka macho yakatoa machozi, na si kwa ajili ya lenzi peke yake. Baba hakudanganya. Mlango ulizibwa kweli. Ila ulikuwa wa kulia. Wa kushoto ulikuwa mzima, kama tume ilivyosema. Siku ile kwenye moshi alikimbilia upande usio sahihi, akapiga bamba, na hatua nne nyuma yake mlango ulikuwepo.

Heri nisingeipata.

Jumapili, 13 Aprili

Nimemwambia. Nilidhani ukweli ukisemwa taratibu hauumi.

"Baba, nimepata picha. Kuna mlango uliozibwa, umesema kweli. Lakini ni wa kulia. Wa kushoto ulikuwa wazi."

Mume wangu akapunguza redio. Baba alikuwa ameshika kikombe cha chai, akakitua mezani bila kukosea.

"Hayo unasema wewe au inasema picha?"

"Picha, baba."

"Basi jenga picha."

Akainuka, akaenda chumbani kwake akishika ukuta, na siku zote huwa hashiki ukuta.

"Ungemwacha mzee na lake," mume wangu akasema.

"Nimdanganye?"

"Ungenyamaza. Kunyamaza si kudanganya."

Nimemwambia akanyoe pua.

Jumatano, 16 Aprili

Baba anakula chumbani.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimeuweka mlango wa kushoto. Bawaba za waya wa shaba, mpini wake unazunguka kabisa. Wa kulia nimeuziba kwa bamba, kama picha. Ndio mlango mzuri kuliko yote niliyowahi kuunda, na nauchukia.

Alhamisi, 1 Mei

Mvua siku ya sita. Rangi ya kijivu inakauka na malengelenge. Baba hajauliza habari za chombo hata mara moja. Anapopita karibu na meza yangu anageuza uso upande mwingine, yeye ambaye haoni.

Najaribu kumkasirikia. Nasema moyoni, mtu mzima miaka themanini na mbili, akubali basi, asamehewe tuendelee. Halafu nakumbuka ubavu wa kumi na tatu, milimita moja, kwa kidole gumba.

Ijumaa, 9 Mei

Niandike polepole.

Asubuhi ameingia mlinzi wa benki, pande la mtu, amelishika shati nililomshonea kwa ncha za vidole kama limekufa.

"Mama, umenishonea blauzi."

"Blauzi gani?"

"Tazama vifungo. Wenzangu wananiuliza kama nimevaa la mke wangu."

Nikatazama. Kweli. Vifungo kushoto, matundu kulia, kike kabisa. Miaka ishirini na sita nashona sare na sijawahi kufanya kosa hilo. Shati la kiume tundu hukaa kushoto na kifungo kulia, hilo fundi analijua hata usingizini, na mimi kwa wiki nne sijalala vizuri. Nikamwomba radhi, akakaa kwenye benchi kusubiri, nikaanza kufumua.

Picha ya Mama Mkwe nimeibandika ukutani juu ya cherehani. Nikainua kichwa kunyoosha shingo, macho yakaangukia mashati. Sikuangalia mlango wala bamba. Niliangalia mashati.

Baharia wa kwanza, vifungo kushoto kwake. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu. Nikasimama nikachukua lenzi. Wote watano wamevaa blauzi. Na mfuko wa kifuani, ambao kwenye sare hukaa upande wa moyo, kwao wote umekaa kulia. Fundi mmoja aliyechoka anaweza kukosea shati moja, ushahidi nilikuwa nao mkononi. Lakini sare za serikali, watu watano, mfuko na vifungo?

Nikaibandua picha nikaipeleka mbele ya kioo cha wateja. Kwenye kioo mifuko ikarudi kushoto. Vifungo vikawa vya kiume. Na mlango, ule ulio wazi, ukahamia kulia. Kushoto likabaki bamba, na mstari wa kuchomelea, na sanduku la kamba.

Picha ilichapishwa kinyume. Aliyeichapisha aliigeuza filamu, tume ikaipiga mhuri, na hakuna herufi hata moja ndani yake ya kumwambia mtu. Mlango uliozibwa ulikuwa wa kushoto. Baba alikimbilia upande sahihi. Mlango pekee uliokuwepo ulikuwa ule wa upande wa moto.

Mwezi mzima nimeikodolea macho picha ile. Nimehesabu misumari ya paa, mia moja na kumi na minane. Sikutazama shati hata moja. Mimi! Fundi wa sare!

"Mama, unalia?" mlinzi akaniuliza. "Ni vifungo tu. Mimi sijakasirika hivyo."

Nimemshonea mashati mawili mapya bure, na lile la makosa nimebaki nalo. Mume wangu nilipomweleza akasema, "Penye miti hapana wajenzi." Leo nimemwacha aseme.

Kwa baba sijakwenda. Nilishampelekea ushahidi wa picha mara moja. Safari hii lazima niwe na hakika.

Jumatatu, 12 Mei

Miwani alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua miwani ya puani, akashusha ya kichwani, akaingia ndani. Saa mbili nzima. Akatoka na vumbi mpaka kwenye nyusi na filamu yenyewe ndani ya karatasi laini. Tukaiweka juu ya taa. Pembeni mwa filamu kuna namba ndogo za kiwandani. Zinasomeka sawa pale tu mlango ulio wazi unapokuwa kulia.

"Andika," akasema, "nami nitaweka sahihi kwamba nimeona."

Hapo ndipo nilipoona jalada la maombi mezani pake. Tangu Machi amekwisha kuandika barua tatu kuomba faili lile lifunguliwe, kwa jina lake mwenyewe, na ya pili ilirudi na onyo. Nami nilisema analipwa akalie karatasi. Nimemwomba radhi. Akasema, "Hata sikusikia, dada," na nikajua alisikia.

Nyumbani, baba alikuwa kitandani. Nikakaa chini, sikukaa kwenye kiti. Nikamweleza yote, filamu, kioo, mashati.

"Vifungo," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Mimi nilikwambia tangu mvua ya kwanza. Mimi, baba yako. Hukuniamini. Vifungo vya shati umeviamini siku hiyo hiyo."

Nilisema nisamehe, mara mbili, na ya pili haikutoka vizuri.

Baada ya muda akasema, "Picha ile walinionyesha mara moja, kwa mbali, mezani kwao. Nikaona mlango uko kushoto. Tangu siku ile, nikifumba macho najiuliza nilikimbilia wapi. Hata mama yako sikumwambia. Nilikuwa nawabishia nyinyi mchana, na mwenyewe sina hakika." Mkono wake ukatafuta kichwa changu. "Kwa hiyo nilikwenda kushoto."

"Ulikwenda kushoto, baba."

"Nilikwenda na nyundo. Nikagonga lile bamba, nao wakagonga kutoka ndani. Nikagonga, wakagonga. Nilidhani litaachia. Halafu nikagonga, wasigonge."

Jumamosi, 17 Mei

Mkurugenzi: "Sisi si mahakama, mama. Mkataba unasema mchoro rasmi."

Nimemwambia mimi ni binti wa nani. Akarudi nyuma kidogo kwenye kiti, akasema basi hiyo ndiyo sababu zaidi ya kufuata mchoro. Nikamwekea filamu, barua yenye sahihi ya Miwani, na shati la mlinzi, lile la makosa, nililomfidia. Akasema jambo hili lazima liende kwenye kamati, na kamati hukutana mara mbili kwa mwaka.

"Kamati ikae," nikasema. "Chombo kitakuja bila mlango wa kushoto, au hakitakuja. Kabati lenu la kioo litaonyesha taa."

Alhamisi, 22 Mei

Wamekubali. Kibao kitaandikwa: "Kama kilivyokuwa baada ya matengenezo ya mwisho." Hakuna moto, hakuna vijana wawili, hakuna jina la baba, na hakuna samahani. Kuhusu tume, tusubiri kamati. Nimelisoma neno "matengenezo" mara kumi na kila mara nimetaka kupiga kitu. Miwani anasema tutaandika barua ya nne. Anasema "tutaandika", na hilo nimelipenda.

Alhamisi, 29 Mei

Kesho asubuhi gari la makumbusho linakuja. Mvua imekwisha, na sasa ndiyo gundi inakauka kabla sijaiweka. Kejeli hizo.

Mlango wa kulia nimeufungua. Ule mlango mzuri wa bawaba za shaba niliung'oa kushoto nikauhamishia huko, mahali pake halali, na sasa siuchukii. Kushoto nimeziba kwa bati la kopo, na mstari wa kuchomelea nimeutengeneza kwa uzi wa cherehani namba arobaini uliolowekwa kwenye gundi. Leo mchana nimelipaka bamba rangi ya kijivu, mkono wa mwisho.

Baba ametoka chumbani bila kuitwa. Hakushika ukuta. Akavuta kiti, akaanzia omo kama siku ile, kwa kidole gumba, polepole: ukingo, mzinga, mlingoti, bomba la moshi. Kwenye paa la chumba cha injini akaenda kulia kwanza, akakuta mlango, akaufungua na kuufunga. Kisha akahamia kushoto. Kidole kikafuata uzi pande zote nne za bamba, kikarudi katikati, kikasimama.

Akagonga kwa ukucha mara tatu. Akainamisha sikio akasubiri.

Rangi ilikuwa mbichi bado, na alama ya kidole chake imebaki. Sikumwambia.